Sadaka ya jioni, hasara ya asubuhi

Ndugu wasikilizaji wa Mulongo, Noeli na Bonane zinakaribia. Tuambiane ukweli.

Dukani tunalipa bei ya sahani za plastiki bila neno. Lakini mama aliyekimbia vita, aliyetandika mikeka na vikapu vyake chini sokoni, tunambana mpaka auze kwa hasara, kwa sababu tunajua watoto wake hawajala. Kisha kanisani tunatoa sadaka kwa ajili ya wakimbizi. Hiyo si huruma. Ni kumnyang'anya asubuhi na kumrudishia kidogo jioni.

Wengine wanasema zawadi ya mkeka ni aibu. Aibu gani? Bibi yako ataulalia miaka, na franka zitabaki hapa hapa kando ya Lualaba.

Tumesahau 2005 na 2006, mapigano ya jeshi na Mai-Mai yalipokimbiza watu wa Mitwaba na Malemba-Nkulu? Kesho ni wewe.

Basi kila nyumba inunue zawadi moja kwao, kwa bei halali. Nanyi mliokimbia, tajeni bei yenu bila woga. Hamuombi, mnauza.