MASHAURI YA JUMA: Usilaumu Jicho Kabla ya Kutazama Mti



Siku moja wakati wa masika mzee mmoja, mkulima, alifika mezani pangu ofisini kwa ajili ya fomu. Fomu ilipokwisha kujazwa hakuondoka. Aliweka kofia yake magotini, akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Je, jicho la mtu laweza kuwa zima wakati wa kiangazi na kuharibika wakati wa mvua?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, ugonjwa wa namna hiyo sijausikia." Ndipo aliponieleza habari yake. Yeye ana bunduki ya halali, yenye cheti, ya kulindia ng'ombe wake. Mwezi wa Februari aliijaribu katika uwanja wa shabaha, na risasi zake tano zilipita mahali ambapo kiganja cha mkono kingezifunika zote. Mwezi wa Mei, kwa bunduki ile ile, risasi za namna ile ile, na umbali ule ule wa yadi 100, risasi zilikwenda upande wa kuume, tena zikatawanyika. Wanawe walimwambia kwa upole kwamba sasa amekuwa mzee, afadhali aiache bunduki. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuwasadiki.

Jambo hili si dogo. Mtu ashikaye bunduki asijue risasi yake itakwenda wapi ni hatari kwa jirani zake na kwa ng'ombe wale wale anaowalinda. Kadhalika, mtu aambiwaye kwamba jicho lake limekufa, nalo lingali zima, amedhulumiwa. Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nilimwomba mzee asisingizie jicho kwanza, bali atazame mti wa bunduki.

Bunduki ya namna hii ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni chuma, yaani mtutu, na nyuma yake mtambo ambamo komeo huingia na kutoka. Cha pili ni mti, ambao mwisho wake ndio kitako kinachowekwa begani. Katika bunduki ya Mauser ya mwaka 1898, ambayo mafundi wengi wa nchi nyingi wameifuata, skrubu mbili hukaza chuma katika mti. Chini ya mtambo, upande wa mbele, pana jino la chuma linaloingia katika tundu la mti. Risasi inapotoka, bunduki hupiga teke kwenda nyuma, na jino hilo ndilo lipasalo kulipokea teke na kulipeleka katika mti. Skrubu kazi yake ni kukaza tu.

Basi, ikiwa jino halikulala vema katika tundu lake, au mtambo umekaa juu ya mti kama meza yenye mguu mmoja mfupi, kila risasi inapotoka chuma husogea kidogo na hakirudi pale pale. Huku mkononi ni unene wa unywele, walakini mbele unywele ule hukua. Kosa la inchi 2 katika yadi 100 huwa inchi 6 katika yadi 300.

Tena mti, hata baada ya kukatwa na kuchongwa, haujaacha tabia yake ya kunywa maji. Wakati wa mvua huvimba, hasa kwa upana wake, na wakati wa jua husinyaa. Ukivimba waweza kuugusa mtutu ubavuni na kuusukuma. Mtutu uliosukumwa hutetemeka vingine risasi inapopita ndani yake, na risasi hufuata njia nyingine. Wazee wetu waliokuwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita Bonde la Kabaw nchini Burma katika mvua kubwa za mwaka 1944, waliijua hali ya hewa ambayo mti wa bunduki hauipendi hata kidogo.

Msomaji asiyepata kushika bunduki maishani mwake asidhani kwamba habari hii haimhusu. Nilipokuwa mtoto, shoka la nyumbani kwetu lililegea katika mpini. Badala ya kuchonga mpini mwingine, mimi nilitia kitambaa katika tundu nikalikaza kwa jiwe. Likakaza kweli kweli, kwa siku mbili. Siku ya tatu lilichomoka likapita karibu na kichwa cha ndugu yangu mdogo, likachimba ardhi. Baba hakunipiga. Alilichukua shoka, akanionyesha kile kitambaa, akasema, "Hiki ni uongo, na uongo wako ungemwua mwenzako." Tangu siku ile naogopa kila chuma kilichokazwa bila kukalishwa. Ni kweli mchagua jembe si mkulima, lakini jembe linalocheza katika mpini halikuchaguliwa, limepuuzwa.

Mafundi wa zamani walikalisha chuma cha bunduki kwa masizi. Walipaka chuma masizi, wakakilaza katika mti, wakakiinua. Palipobaki weusi ndipo palipogusa zaidi, nao walipachonga kidogo kwa patasi. Walirudia hivyo mara nyingi sana, hata weusi ulipoenea sawasawa kila mahali. Na palipokuwa na mti laini walitafuta msaada mwingine. Katika kiwanda cha Lithgow nchini Australia, wakati wa Vita Kuu ya Pili, vipande vya shaba nyekundu vilitiwa katika miti ya bunduki mahali pa kupokea teke, kwa sababu mti wa nchi ile ulikuwa laini.

Baada ya vita hiyo ilienea njia nyingine, nayo ndiyo ambayo watu wengi wa Marekani wapendao shabaha huifuata nyumbani mwao. Badala ya kuchonga mti hata uufuate mtambo, mtambo wenyewe hufanywa kuwa kalibu, na gundi ngumu ya epoksi huufuata. Nitaieleza kwa utaratibu wake.

Kwanza kabisa, bunduki hutolewa risasi zote, komeo huondolewa, na chemba hutazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Kisha skrubu hufunguliwa na chuma hutenganishwa na mti. Mahali pa kukalia hukwanguliwa kiasi cha unene wa shilingi, na mafuta yote hufutwa, kwa kuwa gundi haishiki penye mafuta. Wengine huzitia skrubu katika nguzo fupi za alumini, ili mkazo wake usiuponde mti.

Pili, jino hubandikwa utepe mbele, ubavuni na chini, lakini si nyuma. Utepe utakapoondolewa, jino litagusa kwa uso wa nyuma tu, ule upokeao teke. Kila tundu la mtambo huzibwa kwa udongo wa kufinyangia, gundi isije ikaingia ndani na kuufunga.

Tatu, chuma chote hupakwa nta, pamoja na skrubu. Hapa hapana msamaha. Mtu akisahau mahali padogo tu, chuma na mti vitashikana, na wako watu waliolazimika kuvunja kitako kizuri kwa kusahau skrubu moja.

Nne, sehemu mbili za gundi huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, hutiwa katika mti, na chuma hulazwa polepole. Skrubu huongoza tu, hazikazwi, maana chuma kikikazwa kwa nguvu hujipinda, na gundi itaushika upinde ule milele. Gundi inayofurika hufutwa. Kisha kazi huachwa kama saa 24. Afunuaye mapema ili achungulie huharibu alichokifanya.

Mwisho chuma huinuliwa, mabaki hukatwa kwa tupa, na mti wa ndani hupakwa vanishi uzuie unyevu. Mtutu hauguswi na mti mbele ya mtambo. Kipande cha karatasi chapaswa kupita kati yao bila kukwama.

Yako majaribio mepesi ya kuujua ugonjwa. Bunduki ikiwa tupu, pitisha karatasi chini ya mtutu, uone itakwama wapi. Tena weka kidole mahali mtutu na ncha ya mti vinapokutana, na mwenzako ailegeze skrubu ya mbele polepole. Ukisikia chuma kinaruka au kinasogea, basi kilikuwa kimepindwa, hakikukaa.

Sasa neno la sheria. Nchini Kenya hapana ruhusa ya kuwa na bunduki bila cheti, kwa Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, na atengenezaye bunduki za watu kwa biashara ni lazima awe ameandikishwa. Uwindaji wa mchezo nao ulikatazwa mwaka 1977. Kwa hiyo sikumshauri mzee achukue patasi. Nilimshauri aende kwa fundi aliyeandikishwa, akiwa na cheti chake mkononi, naye ajue kazi anayoilipia. Asikubali fundi atie kipande cha karatasi chini ya mtambo na kukaza skrubu kwa nguvu. Hicho ni kitambaa changu cha shoka.

Mzee alikwenda. Fundi alimwonyesha kwamba mti ulikuwa umeegemea mtutu upande wa kushoto, na tundu la jino limepondeka kwa miaka ya mateke. Mvua za vuli zilipokuwa zikinyesha alirudi mezani pangu, safari hii bila haja ya fomu. Alinifunulia karatasi ya shabaha yenye matundu matano, akaweka kiganja chake juu yake, matundu yote yakafunikwa. Akasema, "Mwanangu, waambie watoto wangu kwamba jicho limepona bila dawa."

Wasomaji wangu, kabla ya kumwambia mtu kwamba ameshindwa kazi, tazameni kwanza kama chombo chake kimekaa. Na wewe mwenye jembe linalocheza, litazame leo kabla ya mvua.

Kwaherini hata juma lijalo.