Kivinjari cha bure si lazima kiwe huria

Mkulima wa Rulenge anayeleta maharage sokoni ana haki ya kudai mizani iliyokaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Lakini mnunuzi huyo huyo aliyesimama nyuma ya mizani hufungua akaunti ya benki na kutazama viwango vya faranga ya Burundi na ya Rwanda kwa kivinjari alichokikuta ndani ya simu siku aliyoinunua. Nani amekikagua? Hajauliza.

Neno huria si geni kwa wafanyabiashara; tumelizoea tangu soko huria lilipoingia. Programu huria ni ile inayompa mtumiaji ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza ilivyoundwa, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Bei ni suala jingine. Chrome na Opera hutolewa bure, lakini si huria. Firefox ni ya bure na ni huria pia. Chimbuko lake ni uamuzi wa kampuni ya Netscape mwaka 1998 wa kuweka wazi maandishi ya programu yake, na toleo la kwanza kamili lilitoka Novemba 2004.

Ruhusa hizo zina faida hata kwa asiyejua kuandika programu. Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Programu ilikuwa huria, hivyo hakuna mwenye mali aliyehitaji kubembelezwa.

Wawekezaji wadogo nao watazame mfano wa Opera. Kivinjari chake cha Opera Mini kilipendwa Afrika kwa kubana data, kazi inayofanyika kwa kupitisha kurasa kwenye mitambo ya kampuni yenyewe. Julai 2018 kampuni iliingia soko la hisa la Nasdaq. Ikafanya pia biashara ya mikopo ya simu nchini Kenya, kupitia OKash na OPesa. Januari 2020, Hindenburg Research ya Marekani ilidai kuwa mikopo hiyo ilikuwa ya muda mfupi na riba ya kuumiza. Opera ilikanusha, lakini hisa zake zilishuka. Funzo ni kwamba kivinjari cha bure nacho ni biashara, na mteja ana haki ya kujua kinaishi kwa nini.

Ikumbukwe kuwa hata Firefox haiishi kwa hewa. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka Google, inayolipia kuwa mtambo wa kutafutia. Tofauti ni kwamba maandishi yake yako wazi, na mtaalamu yeyote anaweza kuyapima.

Kuhusu gharama ya bando, Firefox ya simu za Android hupokea uBlock Origin, nyongeza huria inayozuia matangazo. Tangazo lisilopakuliwa halili data.

Hata hivyo, uhuria si kinga dhidi ya matapeli. Anayeandika namba ya siri kwenye ukurasa bandia ataibiwa kwa kivinjari chochote.

Ushauri wetu: weka Firefox, ijaribu mwezi mmoja kwa shughuli za kila siku, na kile cha zamani kibaki kwa tovuti chache zitakazogoma. Anayedai mizani yenye chapa asiridhike na kivinjari kilichofungwa kufuli.