Mwenye Filimbi ni Nani?

Barua iliyotufikia juma hili imetoka Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe katika bonde la mto Luapula, nchini Zambia. Mwandishi wake, mke wa polisi, anasema kwamba mumewe na wenzake watano wamekusudia kuogelea kwa kupokezana katika Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, ili wakusanye fedha za magodoro ya wodi ya wazazi. Tangu mazoezi yaanze mume hurudi nyumbani akitetemeka, wala hataki kuambiwa neno. Anauliza: amwache aendelee?

Dada yetu, nia ni njema. Katika mlango-bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, ambao Kapteni Matthew Webb aliuvuka peke yake mwaka 1875 kwa muda wa karibu saa 22, siku hizi huvuka pia timu za watu sita, kila mmoja akiogelea saa 1 kwa zamu isiyobadilika. Mmoja akishindwa kumaliza zamu yake, timu nzima huhesabiwa imeshindwa. Sharti hilo lina heshima yake huko. Kwa Mweru silipendi hata kidogo. Mtu ajuaye kwamba akitoka magodoro yamepotea hatatoka, hata misuli ikimkaza.

Kwa hiyo ahadi za wachangaji ziandikwe kwa kila robo saa iliyoogelewa, wala si kwa kufika. Gharama ya petroli ya mashua ihesabiwe mapema. Na humo mashuani awepo mtu mmoja asiyeogelea, mwenye filimbi na mamlaka ya kumtoa yeyote majini, hata aliye mkubwa wake kwa cheo. Najua ugumu wa jambo hilo kwa watu wa nidhamu: konstebo kumwamuru inspekta! Ndiyo maana lifanyiwe mazoezi sawasawa na mikono na miguu. Filimbi ikilia, mtu ashike boya, asijibizane.

Ama maji yenyewe yana vitendawili. Alfajiri na jioni, ukingoni, ni saa za mamba. Jua likipanda kuelekea adhuhuri, vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi katika konokono wakaao penye magugu na maji yaliyotulia, navyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Basi wasijizoeze mtoni wala katika ziwa dogo la Mofwe. Waende Mweru, waingie majini kutoka mashuani, mbali na magugu, mahali ambapo wavuvi wenyewe wamepakubali. Hatari itapungua, haitakwisha. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemewa. Waende kliniki wiki 6 hadi 8 baada ya kuogelea mara ya mwisho, kwani dawa ya prazikwanteli haiwaui vyema minyoo wachanga. Amezaye siku ya pili yake akadhani yu salama hujidanganya.

Njia ifuate ufuko wa Zambia. Ng'ambo ni Kongo, na askari aibukaye katika nchi ya jirani akiwa na kaptura iliyolowa, bila karatasi yoyote, atakuwa na maelezo marefu.

Na kule kutetemeka, dada, ni dalili kwamba amekaa majini kupita kiasi. Maji hunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, hata katika nchi zetu za jua. Akirudi tena hivyo, mpe kwanza nguo kavu na uji wa moto. Kisha mwulize jina la mwenye filimbi. Akilitaja bila kusita, mchangie.