Jeshi lina shida, fundi wa Runyenjes ana ujuzi. Nani atawakutanisha?

Ukishuka steji ya Runyenjes, kwenye barabara ya Embu kwenda Meru, hutatembea mbali kabla ukutane na kibanda cha fundi wa simu. Mpe Android yako iliyozima umwangalie akiifungua. Baadhi ya simu za aina hiyo zinaendeshwa na chipu ya Snapdragon, ya kampuni ya Qualcomm kutoka Marekani. Fundi anazijua hizo simu nje ndani. Lakini pengine hajawahi kuambiwa hivi: Qualcomm ilipokuwa changa, miaka ya 1980, ilikuwa miongoni mwa kampuni ndogo zilizopewa pesa na serikali ya Marekani ili zijaribu mawazo yao. Haukuwa mkopo, na serikali haikudai hisa.

Mpango wenyewe unaitwa SBIR. Rais Ronald Reagan aliutia saini kuwa sheria mwaka 1982. Chini yake, idara za serikali zenye bajeti ya zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka ya utafiti unaofanywa nje ya maabara zao zilitakiwa kutenga sehemu ya pesa hizo kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Sehemu hiyo ilipanda polepole hadi asilimia 3.2. Mchangiaji mkubwa kuliko wote ni wizara ya ulinzi.

Unafanyaje kazi? Jeshi linatangaza shida zake hadharani. Tunataka betri isiyokufa kwenye baridi. Tunataka kitambaa kisichoshika moto. Tunataka kifaa cha kugundua bomu lililofukiwa. Kampuni ndogo inaandika vile itajaribu kutatua. Hatua ya kwanza unapewa pesa kidogo na miezi michache uonyeshe kama wazo linawezekana. Likikubali, hatua ya pili unapewa pesa zaidi na kama miaka miwili utengeneze kifaa chenyewe. Hatua ya tatu, jeshi linanunua ama unapeleka sokoni. Na ukijaribu kwa uaminifu halafu wazo likatae, hakuna mtu atakuja kubeba TV ya mamako.

Sasa turudi nyumbani. Jeshi letu likitaka vifaa, lina milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni kununua nje. Mwaka 2021 kampuni ya Katmerciler ya Uturuki ilitangaza mkataba wa kuiuzia Kenya magari 118 ya kivita aina ya Hizir, kwa takriban dola milioni 91. Mlango wa pili ni serikali kujitengenezea yenyewe. Kule Eldoret kuna kiwanda cha risasi cha Kenya Ordnance Factories, na Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki Ruiru kilichogharimu Sh4 bilioni, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka.

Sibezi hizo kazi. Lakini umeona mlango wa mtu mdogo hapo? Mimi sijauona.

Utasema kuna AGPO, ile asilimia 30 ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tangu 2013. Sawa. Lakini tenda inakulipa kwa kuleta kitu ambacho tayari kipo: viti, karatasi, sabuni. Haikulipi kwa kukesha miezi sita ukijaribu kutengeneza kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Hustler Fund nayo ni mkopo, na huwezi kulipa mkopo kwa jaribio lililofeli.

Sheria ya kutusaidia tayari ipo, hiyo ndiyo inauma. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kusema itapewa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Piga hesabu. Mwaka 2023 pato letu lilikuwa zaidi ya Sh15 trilioni. Asilimia 2 ya hiyo ni Sh300 bilioni. Hatujawahi kukaribia hapo. Na hicho kidogo kinachotolewa, kingi huelekea vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Mimi niliacha chuo, na sikuambii ufuate mfano wangu. Ninachosema ni kwamba mikono inayojua kulehemu bodi ya simu haiwezi kungoja digrii ndiyo ihesabiwe.

Kama unadhani hatuwezi, angalia juu. Setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023. Wakenya waliibuni wakishirikiana na kampuni ya Bulgaria, kwa takriban Sh50 milioni. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililosimamia mradi huo, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Ukizunguka Mlima Kenya upande wa pili, pale Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya Semiconductor Technologies inayojihusisha na utengenezaji wa chipu. Halafu linganisha na Kwale. Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi mwisho wa 2024, tulichimba mchanga wenye madini ya titani, madini yanayotoa chuma chepesi cha kuundia ndege, tukaupakia kwenye meli kama mchanga. Thamani yake kubwa iliongezwa kwingine.

Najua swali lako. Maze, wewe ni Gen Z, unataka tusaidie jeshi? Tarehe 25 Juni 2024, tukiwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, serikali ilichapisha notisi ya kuleta wanajeshi wasaidie polisi. Droni inayomtafuta gaidi msituni Boni ndiyo hiyo hiyo inaweza kuhesabu vichwa vyetu Kenyatta Avenue. Hiyo hofu ni ya haki, wala siiondoi kwa maneno matamu.

Lakini kukaa nje hakuzuii vifaa hivyo kuja. Vitanunuliwa tu, kwa siri, kwa kodi yako. Mpango wa kutangaza shida hadharani angalau unakuonyesha jeshi linataka nini. Na tunaweza kuweka mipaka: tuanze na vitu vinavyookoa maisha. Kugundua mabomu ya kutegwa barabarani Lamu na Mandera. Redio inayoshika mahali hakuna mtandao. Betri na taa za waokoaji wakati wa mafuriko kama yale ya 2024. Vitu vya kufuatilia raia viwekwe kando kwa maandishi, na kila shilingi ikaguliwe. Hata Wamarekani wamelalamikia kampuni zinazoishi kwa kushinda ruzuku tu, hazitengenezi chochote cha maana. Huku kwetu, bila ukaguzi, hizo kampuni zingekuwa za mashemeji.

Kwa hivyo usiombe muujiza. Omba asilimia moja ya pesa za kununua vifaa vya ulinzi itengwe kwa majaribio ya kampuni ndogo za Kenya, bila sharti la digrii. Makadirio ya wizara hiyo hupitia Kamati ya Bunge ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni kila mwaka kabla ya Juni, na Bunge huita maoni ya umma kuhusu bajeti. Andika ukurasa mmoja, upeleke. Halafu ukipita Runyenjes, mwambie yule fundi aandike wake pia. Yeye ndiye anajua kifaa hufia wapi.