Wahesabu nyuki walivyowaumbua wakubwa

Mtawala anayeficha jambo haogopi matusi. Matusi ameshayazoea. Anachoogopa ni mtu mwenye kalamu na daftari anayeuliza: ngapi, wapi, na tangu lini? Hapo ndipo utasikia suala hilo linafanyiwa kazi, tume imeundwa, wananchi wawe na subira.

Wiki hii, ndugu msomaji, twende Marekani kwa watu wanaohesabu wadudu. Usicheke kwanza. Wadudu wenyewe ni nyuki wa mwituni, wanene, wenye manyoya mwili mzima kama waliovaa sweta. Wataalamu wanawaita Bombus. Huku kwetu, kusini mwa Sahara, hawapo kwa asili, kwa hiyo hapa tutawaita nyuki bonge. Hodari wao uko kwenye nyanya. Bonge hulikumbatia ua, akalitikisa kwa mtetemo wa mwili wake mpaka chavua ikamwagika. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Ndiyo maana wenye vitalu nyumba vya nyanya Ulaya na Marekani hununua nyuki bonge kwa maboksi. Nyuki huyu ni mlalahoi hasa: anafanya kazi kubwa, mshahara hana, na akipotea hakuna anayemtafuta.

Mzee mmoja aliamua kumtafuta. Jina lake Robbin Thorp, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha California kule Davis. Mwaka 1998 alianza kukagua milima ya mpakani mwa Oregon na California, makao pekee duniani ya aina moja iitwayo nyuki wa Franklin. Soma daftari lake. Mwaka 1998 aliona nyuki 94. Mwaka 1999, 20. Mwaka 2000, 9. Mwaka 2001, mmoja tu! Mwaka 2002 wakapanda kidogo, 20. Mwaka 2003, watatu. Miaka miwili iliyofuata, patupu. Agosti 2006 aliona mmoja peke yake katika Mlima Ashland. Hajaonekana mwingine tangu siku hiyo.

Mwaka 2010 mzee huyo pamoja na shirika la Xerces, linalotetea wadudu, waliiandikia serikali ya Marekani barua rasmi: huyu nyuki anakwisha, mwekeni kwenye orodha ya viumbe wanaolindwa na sheria. Unajua serikali ilimworodhesha lini? Agosti 2021. Miaka 11! Wakati huo Thorp alikuwa ameshafariki, mwaka 2019, na nyuki mwenyewe hakuwa ameonekana kwa miaka 15. Kama si kumpelekea maiti dawa, ni nini?

Najua kuna msomaji anayesema, basi kuhesabu kuna faida gani? Ngoja kidogo.

Mwaka 2011 Sydney Cameron wa Chuo Kikuu cha Illinois na wenzake walichapisha matokeo ya sensa ya nchi nzima. Walikusanya nyuki bonge zaidi ya 16,000, wakawalinganisha na kumbukumbu zaidi ya 73,000 za makumbusho, yaani nyuki wa zamani waliokaushwa na kuchomwa pini, kila mmoja na kijikaratasi chake cha tarehe na mahali. Katika aina 8 walizozichunguza, 4 zilikuwa zimeporomoka vibaya. Uwiano wao kati ya nyuki bonge wengine ulikuwa umeshuka kwa hadi asilimia 96. Bila vile vijikaratasi vya marehemu, nani angejua kwamba kuna kitu kimepotea? Bwana mkubwa angesimama jukwaani na kusema hali ni shwari, na wewe usingekuwa na cha kumjibu.

Mmoja wa hao wanne ni Bombus affinis, mwenye doa la rangi ya kutu mgongoni. Zamani alikuwa anaonekana katika majimbo 28 ya Marekani. Serikali yenyewe ilipojumlisha hesabu ilikiri kwamba amepungua kwa asilimia 87 tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na amebaki katika majimbo 13 na jimbo moja la Kanada. Januari 2017 ikatangaza kumlinda, sheria ianze kazi tarehe 10 Februari. Katikati hapo serikali ikabadilika. Donald Trump akaingia Ikulu tarehe 20 Januari, kanuni mpya zikasimamishwa, na ulinzi wa nyuki ukasogezwa mbele. Shirika la mazingira la NRDC likaenda mahakamani Februari hiyo hiyo. Tarehe 21 Machi ulinzi ukaanza. Sisemi namba peke yake ndizo zilizoshinda, maana mahakama zilikuwepo na mawakili walikuwepo. Lakini wakili asiye na namba anakwenda mahakamani kupiga porojo.

Kioja chenyewe kiko California. Mwaka 2019 tume ya jimbo ilikubali kuwapa ulinzi wa muda nyuki bonge wa aina 4. Vyama vya wakulima wakubwa, mbele wakiwa wafanyabiashara wa lozi, wakaishitaki tume hiyo. Hoja yao? Sheria ya jimbo inataja ndege, wanyama, samaki na mimea, wadudu haiwataji. Mwaka 2020 wakashinda. Mei 2022 mahakama ya rufaa ikafungua vitabu na kukuta kwamba neno samaki katika sheria ya California linajumuisha viumbe wasio na uti wa mgongo. Nyuki hana uti wa mgongo. Basi nyuki ni samaki! Dunia nzima ilicheka, lakini nyuki walilindwa.

Sasa tuje kwa wanaohesabu, maana hapo ndipo penye somo. Tangu mwaka 2018 majimbo ya Washington, Oregon na Idaho yana mpango wa kuwakagua nyuki bonge eneo lote hilo. Ramani imegawanywa miraba, na anayejitolea anachukua mraba wake. Wengi si maprofesa. Anafunzwa, anakwenda na wavu, anatafuta nyuki kwa dakika 45 katika eneo la kama hekta moja. Akimnasa anamtia kwenye kichupa, anamweka kwenye kasha la barafu apoe na kutulia, anampiga picha, anamwachia aende zake. Picha inapelekwa kwa wataalamu, nao wanathibitisha ni aina gani.

Na akikosa nyuki je? Anaandika sufuri. Sufuri hiyo ina thamani kama 94 ya mzee Thorp, maana inasema: mtu alifika hapa, siku fulani, akatafuta kwa muda fulani, hakukuta kitu. Pasipoandikwa sufuri, mkubwa atadai wamejaa tele, ila hamkuwatafuta.

Kijana wa Manzese, Tandale au Mbagala, unaona tunakoelekea. Tumezoea kulalamika kijiweni kwamba maji hayatoki, dawa zahanati hakuna, watoto wanakaa chini darasani. Yote kweli. Lakini nani ameandika? Bomba la mtaa wako lilikauka siku ngapi mwezi uliopita, na tarehe zipi? Watoto wangapi wanakaa sakafuni? Na wakala wetu wa kituo cha kura anayeondoka bila nakala ya matokeo iliyosainiwa, kesho atasema ameibiwa kwa ushahidi gani? Simu unayo mfukoni, ina kamera na kalenda. Daftari ni bei ya soda.

Tusidanganyane pia. Hesabu ya mzee Thorp ilikuwa safi na bado nyuki wake hatumwoni, kwa sababu waliopewa namba walizikalia miaka 11. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kuhesabu mapema, na kuwafuata wakubwa na ile hesabu mpaka wajibu, ofisini, kwenye mikutano na mahakamani. Ukifanya ya kwanza ukaacha ya pili, utakuwa umeandika tanzia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyuki wa Franklin amepotea, lakini habari zake zipo, mwaka kwa mwaka, na zinawasuta waliochelewa. Je, yanayopotea mtaani kwako yataacha hata habari?