Bima ya Makosa ya Kitabibu na Swali la Mwenye Jalada

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka mmoja baada ya Soko la Kariakoo kuungua, ilipanua orodha ya bima za lazima hadi kwenye masoko ya umma, majengo ya biashara, bidhaa zinazoingizwa nchini, vyombo vya majini na vivuko. Chumba cha upasuaji hakimo katika nyongeza hiyo. Robota la mitumba linaloshushwa bandarini limewekewa kinga ya lazima, ilhali mama anayepasuliwa ili ajifungue katika hospitali ya mteremko wa Mlima Meru hakukumbukwa, na daktari anayeuliza afanye nini hupewa jibu jepesi kwamba aende akakate bima katika kampuni yoyote ya biashara, kama akatavyo ya gari lake. Jibu hilo ni la kivivu. Bima ya makosa ya kitabibu isiyomilikiwa na madaktari wenyewe huukinga mfuko wa daktari na basi, na Arusha, yenye hospitali za serikali, za makanisa na za watu binafsi zinazohudumia mkulima wa kahawa na mtalii aliyeteguka mguu mlimani, ni mahali pa kufaa kuanzia kitu bora kuliko hicho.

Bima inayozungumziwa huitwa bima ya dhima ya kitaaluma, yaani mkataba ambao kampuni, kwa malipo ya ada ya kila mwaka, hukubali kubeba gharama za wakili na fidia pale mtaalamu anapodaiwa kwamba kosa la kazi yake limemdhuru mtu. Kwa upande wa udaktari chimbuko lake ni Uingereza, ambako Medical Defence Union ilianzishwa mwaka 1885 na Medical Protection Society mwaka 1892, vyote vikiwa vyama vya wanachama waliochangiana ili mwenzao akishtakiwa asisimame peke yake. Kampuni kamili za bima zinazomilikiwa na madaktari zilichipuka kwa wingi Marekani katika mgogoro wa miaka ya katikati ya 1970, makampuni ya biashara yalipoona madai yanazidi hesabu zao, mengine yakapandisha ada mara kadhaa na mengine, kama Argonaut kule California, yakafungasha virago. Mei 1975 wataalamu wa usingizi wa eneo la San Francisco waligoma kuhudumia upasuaji usio wa dharura, na kati ya mwaka huo na uliofuata madaktari walianzisha MLMIC katika jimbo la New York, NORCAL na The Doctors Company kule California, na nyingine katika majimbo mengi. Washindani walizibeza kwa kuziita kampuni za bedpani, chombo kile anachosogezewa mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani. Zilizobezwa zilidumu, na St. Paul, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za biashara katika bima hiyo, ikajitoa Desemba 2001.

Tanzania ilikuwa na sababu za kuchelewa, na baadhi yake ziliandikwa Arusha kwenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na ikakaa humo hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi; katikati ya kipindi hicho sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku huduma za tiba za kujipatia faida, marufuku iliyoondolewa mwaka 1991. Daktari alikuwa mtumishi wa umma au wa kanisa, na bima ilikuwa ya serikali, kwa hiyo swali la nani amiliki bima ya madaktari halikuwa na pa kuulizwa. Udhuru huo ulikwisha karibu miaka thelathini iliyopita.

Hata leo hali za madaktari hazilingani. Dhima ya aliyeajiriwa na serikali hubebwa na mwajiri, na mwananchi wa Ngarenanyuki aliyedhurika katika kituo cha halmashauri hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, kufungua shauri Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, utaratibu uliopanuliwa mwaka 2020 hadi ukazigusa serikali za mitaa. Jirani yake aliyetibiwa katika hospitali ya kanisa, Nkoaranga kwa mfano, au Selian iliyoko Ngaramtoni, akiwa na dai huweza kumshtaki mmiliki pamoja na daktari moja kwa moja. Kwa hiyo kundi linalohitaji bima kwa haraka zaidi ni la hospitali za makanisa na za binafsi, na ndilo lenye fedha chache za kuvumilia hukumu moja nzito.

Wanaopinga kampuni ya madaktari hutoa hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba bima huvuta mashtaka, kama ilivyokuwa Marekani. Lakini kule mashtaka yalitangulia na kampuni za madaktari zikafuata. Ya pili ni kwamba madaktari watalindana. Huo ni wasiwasi wa haki, ingawa wenye hisa wanaolipa kwa mifuko yao makosa ya mwenzao mzembe wana sababu nzito ya kumfukuza kuliko baraza lolote. Ya tatu ni kwamba madaktari ni wachache mno kubeba hasara kubwa, na jibu lake linajulikana na kila mtu wa bima: bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenyewe huikata kwingine ili igawane mzigo, kazi inayofanywa nchini na kampuni ya TAN-RE tangu mwaka 2004. Tena uchache haujawahi kuwazuia watu wa huku: Wameru waliofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 walichangishana wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata, na hawakuwa na bima mtawanyo.

Linaloamua suala hili ni jambo jingine kabisa, nalo ni nani anamiliki jalada. Kila dai la uzembe wa kitabibu huacha nyuma yake rundo la karatasi: maelezo ya daktari, chati ya usingizi inayoonyesha dakika kwa dakika mapigo ya moyo na shinikizo la damu, fomu ya ridhaa yenye saini au alama ya dole gumba, hesabu ya gozi kabla ya kufungua tumbo na hesabu ya gozi kabla ya kulifunga, maandishi ya muuguzi wa zamu ya usiku ambayo pengine ndiyo pekee yanayosema ukweli wote. Jalada moja ni msiba wa familia moja. Majalada mia mbili, yakisomwa na mtu aliyewahi kushika kisu cha upasuaji, humwonyesha mahali ambapo watu hodari na wenye nia njema hukosea kwa namna ile ile, saa zile zile, kwa kukosa kitu kile kile. Kampuni ya biashara huyasoma ili ipange ada ya mwaka unaofuata, kisha huyafungia kabatini kama siri ya biashara, na kwa mantiki ya biashara haikosei.

Historia ya usingizi wa upasuaji inathibitisha jambo hili vizuri zaidi kuliko nadharia yoyote. CRICO, kampuni ya bima iliyoanzishwa mwaka 1976 na kumilikiwa na taasisi za tiba zinazohusiana na Chuo Kikuu cha Harvard, iligundua kwamba madai yaliyotokana na usingizi yalikuwa ghali kupita idadi yake, na majalada yalipofunguliwa mbele ya wataalamu wa usingizi wenyewe ilionekana kwamba mengi yalihusu mgonjwa aliyekosa hewa bila mtu kutambua kwa wakati. Viwango vilivyotokana na kazi hiyo, vilivyochapishwa mwaka 1986, vilikuwa vya kawaida kiasi cha kuaibisha: mtaalamu asitoke chumbani, na pumzi na mzunguko wa damu vifuatiliwe bila kukatika. Chama cha wataalamu wa usingizi wa Marekani nacho kilianza katika miaka hiyo kukusanya majalada ya madai yaliyofungwa kutoka kampuni mbalimbali za bima na kuyachambua, na kipima oksijeni, kile kibano kinachobana ncha ya kidole na kutoa mlio unaoshuka kadiri oksijeni inavyoshuka, kikawa kifaa cha lazima. Vifo vilipungua, na ada za bima za wataalamu hao zikapungua pia.

Tanzania haiwezi kudai kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo huwataka walio chumbani wataje kwa sauti jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa na hesabu ya vifaa, ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jaribio hilo lilianza kabla tu ya Novemba 2007, mwezi ambao katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na mgonjwa wa kichwa akapasuliwa goti, kosa ambalo swali moja tu la orodha ile, huyu ni nani, lingelizuia. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mtu asiyehusika alifunguliwa fuvu la kichwa mahali pa mwenzake. Miaka kumi imepita kati ya makosa hayo mawili, kosa ni lile lile, na kote kuwili watumishi walisimamishwa kazi, vyombo vya habari vikapiga kelele na kelele zikaisha. Inachosha kusikia tena na tena kwamba dawa ni kumpata mwenye hatia. Wa kulaumiwa walipatikana mara zote mbili, na kupatikana kwao hakukumfundisha chochote daktari wa zamu wa mji mwingine.

Bima ya kawaida ya biashara hulizidisha tatizo, kwa sababu mikataba ya dhima kwa desturi humkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Maana yake ni kwamba daktari anayetaka kuketi na familia na kueleza kilichotokea anakatazwa na karatasi aliyoilipia. Katika jamii za Meru na Arusha, ambako ugomvi mwingi bado huanzia mbele ya wazee wa ukoo kabla haujafika kituo cha polisi, ukimya huo husomwa kuwa kiburi, na kiburi ndicho kinachoipeleka familia kwa wakili. COPIC, kampuni iliyoanzishwa na madaktari wa jimbo la Colorado mwaka 1981, iliona hivyo, na mwaka 2000 ikaanza mpango wa kumruhusu daktari azungumze mapema na mgonjwa na kumlipia gharama hadi kikomo kidogo, bila mgonjwa kupoteza haki ya kushtaki. Vifo na kesi zilizokwisha kufika kwa wakili havimo katika mpango huo. Si ajabu kwamba kampuni ya madaktari ilithubutu kujaribu, kwa kuwa wenye kampuni walijua jinsi inavyouma kunyamazishwa mbele ya mtu uliyemdhuru.

Umiliki pekee hautoshi. United Medical Protection ya Australia, shirika la madaktari, iliingia katika ufilisi wa muda Mei 2002, kwa sehemu kubwa kwa sababu haikuwa imetenga fedha za kutosha kwa madai yaliyokwisha kutokea lakini hayajaripotiwa, na serikali ikalazimika kuiokoa. Funzo hilo ni zito kwa Tanzania, ambako muda wa kudai madhara ni miaka mitatu lakini kwa mtoto aliyedhurika wakati wa kuzaliwa saa haianzi kuhesabu hadi afikie utu uzima. Hospitali inayomlipia daktari ada nayo ijue mapema jina la nani limo katika hati: MLMIC ilipouzwa kwa Berkshire Hathaway mwaka 2018 kwa takriban dola bilioni 2.5, waajiri waliolipa ada walidai mgawo, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa ya New York ikaamua kwamba fedha ni za madaktari wenye bima.

Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka angalau theluthi moja ya umiliki wa kampuni ya bima iwe ya raia wa Tanzania, sharti ambalo kampuni ya madaktari ingelitimiza siku ya kwanza. Kwa hiyo madaktari wa Arusha, kupitia Chama cha Madaktari Tanzania, wapeleke maombi kwa Kamishna wa Bima, na Bunge litakapoifungua tena orodha ya mwaka 2022 liandike humo chumba cha upasuaji, pamoja na kifungu kinachosema kwamba uchambuzi wa makosa uliofanywa kwa ajili ya kufundishana hautatumika mahakamani dhidi ya aliyesema ukweli, huku kumbukumbu za matibabu zenyewe zikibaki wazi kwa mgonjwa na wakili wake. Bila kifungu hicho, hata kampuni ya madaktari italifunga kabati lake.