Msonobari si Ukuta wa Bahari

Uwanja wa gofu wa Formby, kaskazini ya jiji la Liverpool nchini Uingereza, ulianzishwa mwaka 1884. Mashimo yake 18 yamepita katikati ya matuta ya mchanga na msitu wa misonobari, na mashindano makubwa ya wachezaji wa ridhaa yamefanyika pale mara kadhaa, yakiwemo ya mwaka 1984 ambapo José María Olazábal alimshinda Colin Montgomerie katika fainali. Wengi husema huo ni mchezo wa wenye nafasi, haumhusu mwenye jembe. Hata hivyo, mkulima na mfanyabiashara mdogo wana la kujifunza katika ardhi ile.

Kabla ya gofu, mchanga wa Formby ulikuwa tishio kwa mashamba. Katika karne ya 18 wapangaji walilazimishwa na mikataba yao kupanda nyasi ngumu za pwani, na sheria ya mwaka 1742 iliwaadhibu waliozikata ovyo, kwa kuwa watu walizitumia kusuka mikeka na kutengeneza fagio. Nyasi hizo huota kadiri mchanga unavyozifukia, na mizizi yake hushika tuta lote. Misonobari ilikuja baadaye sana, ikapandwa kwa wingi kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Nyuma ya kinga hiyo wakulima walisawazisha matuta wakapanda asparagasi. Zao hili linataka mtu mwenye subira: hukaa ardhini miaka miwili mitatu kabla ya kuvunwa ipasavyo, kisha huzaa kwa miaka kumi na zaidi, na kila chipukizi hukatwa kwa mkono katika majuma machache ya Mei na Juni. Rutuba ilitoka mjini, kwani taka za vyoo vya Liverpool zilisafirishwa hadi mashambani. Soko nalo lilikuwa hukohuko Liverpool, zikiwemo meli za abiria zilizotia nanga bandarini. Biashara hiyo ilistawi hadi miaka ya 1930. Leo imebaki kidogo mno.

Bahari haikungoja. Ufukwe wa Formby Point unaliwa kwa wastani wa mita nne hivi kwa mwaka, na misonobari iliyokuwa mbali na maji sasa inaanguka. Ndiyo sababu shirika la hifadhi la National Trust, lililonunua sehemu ya ufukwe huo mwaka 1967, limeingia katika mabishano na wenyeji kuhusu miti ya mbele: ikiachwa, matuta hukosa nafasi ya kurudi nyuma, ikikatwa, watu huona wameporwa msitu wao. Wenyeji wana haki ya kusikitika, lakini hoja ya matuta ina nguvu zaidi. Tuta lisiloweza kurudi nyuma huliwa likaisha, na nyuma yake kuna nyumba na mashamba.

Uwanja wa gofu wenyewe ulilazimika kuyaacha mashimo yaliyokuwa karibu na bahari na kutengeneza mengine bara. Uliweza, kwa sababu ulikuwa na ardhi na fedha. Mkulima mwenye ekari mbili hana pa kuhamia.

Hapo ndipo suala linapowagusa wanaopanda mivinje katika Pwani ya Kenya na Tanzania kwa ajili ya boriti na fito. Mvinje una soko zuri na huvumilia mchanga na chumvi. Lakini kuung'oa mmea utambaao ufukweni ili safu ya kwanza ya miche isogee hadi kwenye maji ni hasara ya kujitakia. Ukanda wa mbele uachiwe majani, miti ianzie nyuma, na serikali za maeneo ziwazuie wachota mchanga wanaojaza malori yao kwenye matuta hayohayo.